Mwanaume Aliyelaza Majani kwenye Ngolo Yetu

Kijiji cha Mkalole,
Mbinga.
22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Hedwiga,

Shikamoo Shangazi. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki huanza kwa salamu na kujuliana hali, ndipo mambo mengine yafuate. Lakini najijua. Nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, kama ninavyofanya ukipiga simu. Kwa hiyo naomba unisamehe, nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio.

Ni hili. Siku ambazo Anko Egidi alikuwa analala kwetu ndizo siku pekee nilizopata usingizi. Tangu Baba afariki nimekuwa nikilala huku sikio liko mlangoni. Nasikia mbuzi wa jirani, nasikia mahindi yakianguka darini, nasikia mdogo wangu Adrian akipumua na ninangoja apumue tena. Lakini Anko Egidi akija, nilikuwa namsikia akikohoa vumbi lake la makaa upande wa pili wa ukuta, na baada ya hapo sikusikia kitu tena mpaka jogoo. Baba alikuwa kaka yako wa tumbo moja. Najua maneno haya yatakuuma. Hata mimi yananiuma, ndiyo maana sikuwahi kuyasema.

Dada Glorious, najua wewe ndiye unayemsomea Shangazi kwa sababu ya macho yake. Kama kuna wageni hapo barazani, naomba uikunje barua hii mkaisomee ndani.

Sasa nasalimu. Hamjambo huko ziwani? Mguu wa Baba Mkubwa umepata nafuu? Tumesikia kwamba mwaka huu usipa umekuwa wa shida na watu wanashinda wakikausha nyavu badala ya samaki. Poleni sana. Huku baridi imeshuka. Asubuhi ukungu unakaa bondeni kama maziwa kwenye kata, na mpaka jua lipande huwezi kuona upande wa pili wa mto. Bibi Tadea, mama yako, yuko hai na anakula. Macho yake ni mazuri kuliko yako, na naomba usikasirike, hayo ni maneno yake mwenyewe.

Ujumbe wako tuliupata. Mama Victor muuza usipa aliuleta mpaka jikoni na kuusema wote bila kupunguza. Alisema: "Wifi yako anasema hivi: kitanda cha kaka yangu si gesti. Na mama yangu nitakuja kumchukua." Mama aliinama, akaendelea kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Bibi aliendelea kupeta maharage. Baadaye Bibi akamwuliza Mama Victor, "Na usipa ni bei gani leo?"

Naandika kwa sababu nadhani ulielezwa nusu. Mimi nitakueleza yote, hata yale yanayotuaibisha.

Anko Egidi ni Mmpoto, mtu wa Tingi, kule milimani juu ya ziwa. Mke wake alifariki, na watoto wake wawili wanakaa kule kwa mama yake. Yeye ni kibarua huku Ngaka, anafunga maturubai juu ya malori ya makaa ya mawe. Malori yakija anafanya kazi, yasipokuja anakaa. Watu wanamwona amevaa buti na koti la kung'aa wanadhani ana mshahara. Koti lenyewe aliachiwa na mwenzake aliyerudi kwao. Mama alimfahamu alipokuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kwenye kituo cha malori, wakati ule Adrian alipozidiwa na kifafa kule kule barabarani. Wengine walisogea nyuma. Yeye alivua lile koti akamlaza mtoto juu yake, akakaa naye mpaka alipoamka. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Unajua kwamba Mama aliingizwa kwenye mpango wa ruzuku ya kaya maskini. Aliingia kama mjane mwenye mzee na mtoto mgonjwa. Ile ruzuku ndiyo iliyokuwa nauli ya kwenda mjini kuchukua vidonge vya Adrian, ndiyo madaftari yangu, na ndiyo sukari ya Bibi. Sasa wanawake wakipanga foleni siku ya malipo wana mafundisho yao. Wanasema mwanaume akilala kwa mjane siku tatu mfululizo, mjane si mjane tena na jina linakatwa. Wengine wanasema ni siku saba. Mmoja alisema hata viatu vyake vikionekana mlangoni vinatosha. Hakuna aliyewahi kuonyesha mahali ilipoandikwa. Mimi nilikwenda kusoma tangazo lililobandikwa ofisi ya kijiji, nikakuta nusu ya chini imechanwa, na nusu ya juu ni nembo tu.

Kwa hiyo tulificha. Anko Egidi alikuja jua likishazama na kuondoka kabla ya kengele ya kwanza ya kanisani. Buti zake ziliingizwa chini ya kitanda. Sahani yake ilioshwa palepale alipomaliza kula, ili asubuhi mtu akipita asihesabu sahani. Adrian alifundishwa kusema "mgeni". Shangazi, si kweli kwamba alikaa kama mwenye nyumba. Alikaa kama mwizi.

Halafu likaja jambo la ngolo. Dada Glorious, nyinyi mmezaliwa ziwani kwenye muhogo, hamjui kazi ya huku, kwa hiyo nitaeleza. Shamba la mlimani tunalilima kwa mashimo. Kwanza majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, yanafanya miraba mlima mzima. Hiyo ni kazi ya mwanaume. Halafu mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba, anaufukia juu ya majani, na juu ya hayo matuta anapanda maharage. Mwanaume hulaza majani kwenye shamba la mke wake au la mama yake. Mwanamke asiye na mtu hupika pombe na kuita kundi, na kundi huja pamoja na kuondoka pamoja jioni.

Baba alipofariki Mama alipika pombe. Watu walikunywa yote na kulaza nusu. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na maharage yetu yakawa nusu. Mwaka huu hakuwa na mahindi ya kupikia pombe. Mwezi wa pili ukaisha, majani yamesimama. Siku hiyo malori hayakuja na Anko Egidi alikuwa amekaa jikoni. Bibi akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoa nyengo ya Baba, ile ile ya kufyekea aliyoachiwa na Babu. Akampa. Hakusema neno refu. Alisema, "Mmpoto wewe, unaweza kushika hii, au unaweza kukohoa tu?"

Bibi aliletewa kigoda akakaa chini ya shamba, akawa anamwongoza kwa fimbo. Sijawahi kumwona hivyo tangu msiba. Alikuwa anapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. "Nyoosha! Huo ni mstari au ni nyoka?" Anko Egidi akajibu, "Mama, kwetu Tingi shamba halina hesabu, tunalima tu." Bibi akasema, "Ndiyo maana udongo wa mlima wenu wote uko ziwani." Miraba yake ilitoka mikubwa mno. Bibi alipoitazama akamwuliza kama anataka kufuga nguruwe mle ndani. Alicheka mpaka akashika ubavu. Na Anko Egidi alirudia, siku baada ya siku, mpaka mlima wote ukalazwa.

Shamba lile, Shangazi, unalijua. Linatazama kijiji kizima. Tulificha buti, tukaficha sahani, tukasahau mlima. Kila aliyekuwa anakwenda kisimani aliona mistari ile mikubwa isiyo ya mtu wa hapa, ikilazwa na mtu mmoja, siku nyingi, kwa nyengo ya marehemu. Hapakuwa na haja ya kuuliza analala wapi.

Sasa nafika mahali pagumu. Naandika bila lawama, ila nadhani unapaswa kujua. Ulipompigia simu Mama Serafina wakati wa Pasaka, ulimwambia yale ya moyoni kwa sababu ni rafiki yako wa usichana. Pengine ulisahau kwamba yeye sasa ni mjumbe wa kamati ya mpango.

Mwezi wa tano tuliitwa kwenye mkutano wa uhakiki. Walifanyia kwenye ghala la zamani la kahawa kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Mimi nilikwenda na Mama kumshikia Adrian. Mwenyekiti alikuwa anasoma majina ya walengwa, na kila jina watu wanasema "abaki" au "tuzungumze". Alipofika kwa Mama, Mama Serafina akasimama.

Akasema, "Mimi sina ugomvi na jirani yangu. Lakini mpango ni wa wasio na mtu. Mwenzetu mtu anaye."

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mtu gani? Ana miguu?"

"Miguu anayo, tena ya buti za mgodini!"

Watu wakacheka. Mama akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, akaambiwa aongeze. Akasema, "Yule ni kibarua. Nilimwita anilazie majani."

"Kibarua wa ngolo huja na wenzake," Mama Serafina akasema. "Huyu alikuja peke yake na nyengo ya marehemu. Hata wifi yako wa ziwani amenipigia simu analia, anasema Restituta ana mume. Au na yeye anasema uongo?"

"Kibarua alilipwa nini?" mwingine akapaza sauti. "Ugali na blanketi?" Ghala lote likalipuka kwa kicheko. Hata waliokuwa wamesinzia waliamka ili wacheke.

Mtendaji wetu, Bwana Bartholomayo, si mtu mbaya. Alinyamazisha watu. Akasema, "Mama Edina, nakuuliza kwa heshima, na wewe unijibu kwa heshima. Huyu mtu analala kwako, au halali?"

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama Adrian aliyekuwa amelala mapajani mwangu. Akasema, "Halali. Ni kibarua tu. Sina uhusiano naye wowote."

Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama mlango. Anko Egidi alikuwa amesimama pale pamoja na wanaume waliokosa nafasi ndani. Nadhani lori lilimshusha mapema, akakuta nyumba imefungwa, akafuata watu waliko. Alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeingia kwa wazee. Mama aliposema "kibarua tu", aliivaa ile kofia. Akageuka akaondoka. Mama hakumwona. Nilimwambia tulipofika nyumbani.

Bibi alikuwa hajaenda mkutanoni kwa sababu ya magoti. Aliposimuliwa aliuliza kitu kimoja tu. "Umemkana mtu mbele ya watu?" Mama akajibu, "Nimekana kwa ajili ya vidonge vya mtoto, Mama." Bibi akasema, "Haya." Tangu siku hiyo wanazungumza kuhusu kuni na chumvi tu.

Mkutano uliamua malipo yetu yasimamishwe mpaka mwezeshaji afike nyumbani kuhakiki. Kwa hiyo tulikuwa tumemkana Anko Egidi, na ruzuku pia hatukupata. Hakuja tena. Vidonge vya Adrian viliisha na nauli ya mjini haikuwepo. Mama alijaribu kukopa, lakini watu hawakopeshi nyumba inayosemekana ina mwanaume wa mgodini.

Adrian alianguka siku ya Alhamisi, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Mimi nilikuwa kwenye mtihani wa Jiografia. Mama alikuwa kwenye kibarua cha palizi. Adrian alikuwa amekaa karibu na jiko akichoma hindi, kifafa kikamkamata, akaangukia mkono wa kulia kwenye makaa. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani. Alimvuta kwa mguu. Alisema hakuwa na nguvu za kumvuta mara moja, ilibidi avute, apumzike, avute tena. Nikifikiria hapo ninashindwa kusoma.

Yuko nyumbani sasa. Kidonda kinakauka, lakini vidole vitatu vimejikunja na kushikana, na mganga wa zahanati anasema huenda visinyooke. Yuko darasa la tatu. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na jina lake linatoka limelala. Haulizi habari za Anko Egidi kwa Mama. Ananiuliza mimi, kwa siri, kama "mgeni" amekasirika.

Mwezeshaji alifika wiki iliyofuata, dada mmoja wa mjini, mwenye adabu. Mama alikuwa ametupanga. Alipoulizwa alirudia maneno yake ya ghalani. Bibi alipoulizwa kama kuna mwanaume analala humu alisema, "Mjukuu wangu, mimi ni mzee, usiku nalala, silindi." Yule dada akatabasamu. Kisha akanigeukia mimi. Akasema, "Na wewe mwanafunzi?"

Shangazi, unajua mimi huwa sijibu watu. Hata darasani nikijua jibu naangalia dawati. Lakini niliona ile kofia ikivaliwa. Nikaona kwamba nikisema "halali", huyu mtu atakuwa amekanwa mara mbili, na mara ya pili ni mimi. Nikasema, "Alikuwa analala. Sasa halali. Haleti mshahara kwa sababu hana mshahara. Alikuwa analeta sabuni na chumvi, na alitulazia majani."

Yule dada aliweka kalamu chini. Aliuliza, "Kwa nini hamkusema hivyo mwanzoni?" Halafu akaeleza, polepole, kama mwalimu. Alisema wao hawahesabu siku za kulala. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na kinachopimwa ni hali ya chungu hicho. Kama tungemtaja, angeandikwa na yeye, na kipato chake cha siku za malori, na watoto wake kule, na tungepimwa upya wote. "Inawezekana mngebaki," alisema. "Siwezi kuapa, lakini inawezekana. Sasa mama yako amekana kwenye mkutano, imeandikwa, na leo amekana tena. Kamati haitasema ana mume. Itasema amedanganya."

Na ndivyo ilivyosema. Jina letu limefutwa mpaka watakapofanya utambuzi mwingine, na hakuna anayejua ni lini. Yote tuliyoyaficha tuliyaficha kwa ajili ya sheria iliyotungwa na watu kwenye foleni.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Haya, msomi," akachukua kikapu, na kesho yake akaanza kwenda Kitura kuchuma kahawa ya watu. Anaondoka gizani na kurudi vidole vimekuwa vyeusi. Hanisemeshi sana.

Alhamisi iliyopita nilifanya jambo bila ruhusa. Niliomba lifti ya pikapu ya wanunuzi wa kahawa mpaka njia panda, kisha nikatembea hadi yanapoegeshwa malori ya Ngaka. Nilimkuta juu ya lori akivuta kamba. Aliponiona alishuka haraka mno.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamweleza mkono wa Adrian. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akawa anatazama mikono yake mwenyewe. Nikamwambia lile nililokuwa nimelikariri njia nzima. "Anko, tumeshafutwa. Hakuna tena cha kuficha. Sasa unaweza kuja mchana."

Akauliza, "Mama yako amekutuma?"

"Hapana."

"Basi umekosea, Edina. Mtoto hamwiti mwanaume nyumbani kwao. Hata vitabu vyako vinajua hilo."

Vijana wenzake walikuwa wanamtania, "Egidi, mkweo amekuja kudai mahari!" Aliwatupia jiwe la makaa, si kwa hasira. Kisha akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema ili nisiongeze. "Mama yako aliniita kibarua mbele ya wazee. Sikumchukia, nilijua anamtetea nani. Lakini nikirudi kwa njia ile ile ya gizani nitakuwa kibarua kweli. Nyengo nilipewa na mama wa marehemu. Dada wa marehemu amesema pale ni gesti. Sasa mimi niingie kwa mlango upi?"

Aliniombea nafasi kwenye gari la kurudi, akanipa chapati mbili za Adrian. Hakuahidi kitu.

Kwa hiyo, Shangazi, neno limebaki kwako. Sikuombi hela. Sikuombi umpende. Najua hata akirudi, ruzuku hairudi naye, na vidole vya Adrian havinyooki kwa sababu yake. Njaa ya mwezi wa kwanza itakuja hata akiwepo. Ila maharage yaliyoko mlimani sasa hivi, tutakayokula wote akiwemo mama yako, yako juu ya majani aliyoyalaza yeye. Bibi alishatoa neno lake kwa mkono. Wewe umetoa lako kwa simu, na maneno yale mawili hayakai nyumba moja.

Ukija kumchukua Bibi, hatutakuwa na la kukuzuia, ni mama yako. Lakini nakuomba, kabla hujamchukua, umwulize kwa nini alicheka siku ile. Kama hutaki kuandika, mwambie Mama Victor kwa mdomo, naye aliseme jikoni kwetu kwa sauti kama alivyosema lile la kwanza. Likiwa ni "hapana", liseme pia. Nimechoka kungoja mambo yasiyosemwa.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie asiingie kwenye maji ya baridi na mguu ule. Msalimie kaka Sixbert na mkewe. Dada Glorious, asante kwa kusoma mpaka hapa, na samahani kwa mwandiko. Bibi anakusalimu, anasema unywe maji ya moto. Adrian anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Mungu awalinde juu ya maji na nchi kavu, na awape usipa.

Nilikuwa nimeishia hapo na kuikunja. Nimeifungua tena kuongeza haya. Leo baada ya misa nilimwambia Mama kwamba nilikwenda Ngaka. Kisha nikamsomea barua hii yote, yeye na Bibi, nikiwa nimesimama kwa sababu nikikaa sauti yangu haitoki. Mama alikuwa anakunja khanga, akaikunja na kuikunjua mpaka nikamaliza. Hakusema nimekosea wala nimefanya vizuri. Alinawa mikono, akaja akakaa karibu yangu, akaniambia nimwachie nafasi chini ya jina langu. Kisha akaomba kalamu, akaandika mwenyewe, taratibu, herufi moja moja. Sasa natoka kumpelekea Mama Victor kabla gari lake halijaondoka.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Edina Wendelin

Na mimi wifi yako. Si kibarua. Restituta.